Jicho Lisilo na Mtambaji: Uhakiki wa Picha za Mubashara za Channel Islands

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kazi zenye mwenyewe. Shairi lina mtunzi wake, tamthilia ina mwandishi na waigizaji wake. Hata ngano, ambayo hapana ajuaye ilitoka kwanza katika kinywa cha nani, ina mtambaji wake wa usiku ule inapotambwa, mwenye sauti yake, mikono yake na uhuru wa kuirefusha au kuikata. Kwa hiyo mhakiki anapokutana na onyesho lisilo na msemaji, lisilo na mwanzo wala mwisho, tena lisilodai kuwa ni sanaa, ni rahisi kulipita. Onyesho la namna hiyo ni zile picha za kamera zinazofungwa mahali pa mbali na kurusha kwa njia ya intaneti, saa baada ya saa, lolote litokealo mbele yake. Makala hii inakusudia kulihakiki onyesho hilo kama lilivyopata kuonekana katika Hifadhi ya Taifa ya Channel Islands, iliyo katika bahari ya Pasifiki karibu na pwani ya California, Marekani. Hoja inayotetewa ni moja: kwamba ukimya wa kamera hizi, unaochukuliwa na wengi kuwa ndio uaminifu wake, ni mbinu ya fani kama mbinu nyingine yoyote, na kwamba mbinu hiyo huyaathiri maudhui kwa kiasi ambacho mtazamaji hakitambui.

Yafaa kuanza na jina, maana jina lenyewe limekwisha kuamua mengi. Vyombo vya habari vya Kiswahili vina misemo miwili kwa picha zinazorushwa wakati ule ule wa tukio. Wa kwanza ni "moja kwa moja", na maana yake ya asili ni ya njia: kwenda pasipo kupinda wala kusimama. Wa pili ni "mubashara", neno la Kiarabu ambalo mzizi wake ni ule wa ngozi, yaani kugusana mwili kwa mwili pasipo kitu kati. Misemo yote miwili inadai jambo lile lile, kwamba baina ya mtazamaji na kitazamwacho hapana kizuizi. Dai hilo si kweli hata kwa upande wa mitambo. Picha ya kisiwani hupita katika kioo cha kamera, ikageuzwa kuwa tarakimu, ikapelekwa bara kwa mawimbi, ikapangwa upya ndani ya tarakilishi za watu wengine, na kumfikia mtazamaji baada ya sekunde kadhaa. Tai anayeonekana akitua amekwisha kutua. Wala hapana ubaya katika kuchelewa huko. Ubaya ni kwamba lugha inayotumiwa inakufuta. Msanii wa tamthilia hadai kwamba jukwaa ni nyumba ya mfalme; anaomba tu hadhira ikubali kulitazama hivyo kwa saa mbili. Kamera ya mubashara haiombi chochote.

Hifadhi yenyewe ina visiwa vitano: Anacapa, Santa Cruz, Santa Rosa, San Miguel na Santa Barbara. Ilianzishwa tarehe 5 Machi 1980, ingawa Anacapa na Santa Barbara vilikuwa vimekwisha kuwekwa chini ya ulinzi wa serikali tangu 1938. Mpaka wake unaingia baharini kiasi cha maili moja ya kibaharia kukizunguka kila kisiwa, hata karibu nusu ya eneo lote ni maji. (Kwa sababu hiyo neno "mbuga", lililozoeleka zaidi nchini Kenya kwa mahali pa namna hii, halifai hapa hata kidogo: mbuga ni uwanda wa nyasi, na hapana uwanda wa nyasi wenye sili na nyangumi. "Hifadhi" ni neno pana zaidi.) Hakuna daraja wala duka. Mgeni hufika kwa mashua au kwa ndege ndogo, naye hubeba chakula chake na kurudi na taka zake. Anacapa, kilicho karibu kupita vyote, kiko umbali wa kilomita 19 hivi kutoka bara, na kwa mashua ni mwendo wa saa moja. Akifika, mgeni anapanda ngazi zaidi ya mia moja na hamsini zilizobandikwa kwenye genge kabla ya kukanyaga ardhi iliyo sawa. Visiwa hivi, basi, viko karibu kwa ramani na mbali kwa mwili. Ndiyo maana vikawekewa kamera.

Historia ya utanzu huu ni fupi na ya kuchekesha kidogo. Kamera inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina hii ilifungwa mwaka 1991 katika maabara ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ikaelekezwa kwenye birika la kahawa ili watafiti wa vyumba vya mbali wasitembee bure na kulikuta tupu. Ilipounganishwa na intaneti mwaka 1993, watu wa nchi nyingine, wasio na haja yoyote na kahawa ile, wakaanza kulitazama birika. Nayo ilizimwa mwaka 2001. Mhakiki asilipuuze chimbuko hilo. Utanzu ulizaliwa ili kumwokolea mtu safari, na kila kamera iliyofuata imebeba urithi huo, hata ile iliyowekwa kwa nia njema ya kumfikisha mtu mahali ambapo miguu yake haitamfikisha.

Kati ya kamera zilizowekwa katika Channel Islands kwa nyakati mbalimbali, tatu zinatosha kwa uchambuzi: ile ya ghuba ndogo ya kutia nanga kisiwani Anacapa, ile iliyotiwa chini ya maji katika ghuba hiyo hiyo, na ile ya kiota cha tai kisiwani Santa Cruz. Zote tatu hazina msuko wala msimulizi. Lakini fani zake hazifanani, na kuzitia katika kapu moja kwa sababu zote ni "kamera tu" ni sawa na kusema kwamba ngano na utendi ni kitu kimoja kwa sababu vyote hutoka kinywani.

Kamera ya ghuba ndiyo isiyo na sifa miongoni mwa watazamaji. Huonyesha maji, genge, shakwe, na gati. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Kisha mashua huingia, inapanda na kushuka kwa wimbi, na watu wenye mikoba hushika chuma cha ngazi mmoja mmoja wakiogopa kulowa. Mtazamaji aliyekuja kuona kisiwa kisichoguswa hukasirika. Hata hivyo, kwa upande wa maudhui, hii ndiyo picha inayosema kweli nyingi zaidi: inaonyesha kwamba kisiwa kina mlango, kwamba mlango una walinzi na nauli na ratiba, na kwamba mtu anayefika huko hufika kwa mwili unaoweza kutapika njiani. Wahakiki wa riwaya wanamjua mhusika mdogo anayebeba ukweli wa kazi nzima huku wahusika wakuu wakihutubia. Kamera ya ghuba ni mhusika wa namna hiyo.

Kamera ya chini ya maji ni kazi nyingine kabisa. Imesimama katika msitu wa mwani mkubwa ambao majani yake, mahali penye maji baridi na mwanga wa kutosha, huweza kurefuka kiasi cha sentimita 60 kwa siku moja. Kila kitu kinayumba: mwani, samaki wa rangi ya chungwa, mwanga wenyewe. Hapa hakuna tukio na hakuna anayelitarajia. Ni picha inayofanya kazi kwa urari na marudio, kama vile kibwagizo kisichofuatwa na ubeti, na mtazamaji hukaa nayo kwa sababu ile ile inayomfanya mtu akae ufuoni bila ya kuvua. Kuihakiki kwa kutafuta dhamira ni kuipotezea wakati.

Ila ghuba hiyo imepata kuwa na onyesho la pili, na onyesho hilo ndilo kipimo cha mengine yote. Katika mpango ulioendeshwa na hifadhi, mzamiaji aliingia majini akiwa na kamera na kinyago chenye kipaza sauti, akasema anachokiona, huku watu waliokaa bara, wakiwemo wanafunzi madarasani, wakimwuliza maswali naye akiwajibu akiwa bado chini ya maji. Hapo kila kitu kilibadilika. Picha ilipata mwelekeo, kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyegeuza shingo. Ilipata kosa, kwa kuwa mzamiaji aliweza kumtafuta mnyama asimpate na kusema hivyo. Ilipata pumzi, mwanafunzi alimsikia mtu akihema kati ya sentensi, akajua kwamba mahali hapo si pa binadamu kukaa. Msomi wa fasihi simulizi hahitaji kuelezwa ni nini kilichoongezeka. Ni fanani, na mbele yake hadhira inayoitika.

Sasa ni kamera ya kiota, iliyo maarufu kupita zote na ambayo kwayo hoja ya makala hii inasimama au kuanguka. Tangu mwaka 2006 watu wengi wamemfuata kwa macho tai mwenye kichwa cheupe wa Santa Cruz: akileta vijiti, akiatamia, akigeuza mayai kwa mdomo, akikunyata mvua inaponyesha. Kuatamia huchukua siku 35 hivi. Makinda hukaa kiotani wiki 10 hadi 12 kabla ya kuruka. Fani ya onyesho hili ni taharuki tupu. Mwandishi wa hadithi hujenga taharuki kwa kuficha; hapa hakuna aliyeficha kitu, ila ganda la yai lenyewe. Ni lazima kukiri kwamba riwaya chache zimeweza kumfanya msomaji angoje siku 35 na asilalamike.

Lakini mtazamaji anangoja nini? Anadhani anangoja jambo la maumbile, yai kuanguliwa kama mayai yalivyoanguliwa tangu enzi. La hasha. Tai hawa walikuwa wametoweka katika visiwa vya kaskazini kufikia miaka ya 1950 na 1960. Kiwanda cha Montrose kilichokuwa karibu na Los Angeles kilitengeneza dawa ya kuulia wadudu ya DDT tangu 1947 hadi 1982, na kwa zaidi ya miaka ishirini mabaki yake yalipitia katika mifereji ya maji machafu hadi sakafu ya bahari. Dawa ikaingia katika samaki, ikatoka katika samaki ikaingia katika tai, na ndani ya tai ikalifanya kaka la yai kuwa jembamba mno. Mama aliyekuja kuatamia akayavunja mayai kwa uzito wake mwenyewe. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya dawa hiyo mwaka 1972, lakini kiwanda kiliendelea kuitengeneza kwa miaka kumi zaidi ili iuzwe nchi za nje. Baada ya kesi ndefu, iliyomalizika kwa makubaliano ya mwaka 2000, fedha zilipatikana za kuwarudisha tai. Kati ya 2002 na 2006 tai wachanga 61 walipelekwa Santa Cruz na kuachiliwa huko, na mwaka 2006 kinda wa kwanza kwa zaidi ya miaka 50 akaanguliwa kisiwani bila ya mkono wa mtu kulishika yai.

Hakuna hata sehemu moja ya habari hiyo inayoonekana katika picha. Kaka la yai huonekana, unene wake hauonekani. Bahari huonekana nyuma ya kiota ikiwa ya buluu. Maandishi ya pekee ndani ya fremu ni kile kibandiko chenye rangi, herufi na tarakimu kilichotiwa katika bawa la tai, nacho watazamaji wengine hukiona kama doa linaloharibu uzuri. Mhakiki atakiona kinyume: ndicho sahihi ya mwandishi, mahali pekee ambapo matini hii inakiri kwamba imeandikwa.

Tena msuko hauishii kwa tai. Tai wenye kichwa cheupe walipotoweka, katika miaka ya 1990 walikuja tai wa aina nyingine, wale wa dhahabu, waliovutwa na nguruwe waliogeuka mwitu kisiwani Santa Cruz. Tai wenye kichwa cheupe ni wavuvi na walinzi wakali wa himaya yao. Tai wa dhahabu ni wawindaji wa nchi kavu. Wakamwinda mbweha mdogo wa visiwani, mnyama asiyepatikana kwingine duniani, hata San Miguel wakabaki mbweha 15 na Santa Rosa 15. Tai wa dhahabu wakakamatwa na kuhamishwa, nguruwe wakamalizwa, mbweha wakazalishwa vizimbani, na mwaka 2016 wakaondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini kuangamia. Hiyo ni hadithi yenye sababu na matokeo, hila na malipo. Mtambaji yeyote wa Lamu au Kitui angeitamba kwa usiku mmoja na watoto wakaomba irudiwe. Kamera, ambayo imesimama katikati ya hadithi hiyo, haiwezi kuisema, kwa kuwa haina neno "kwa sababu". Sarufi yake ina wakati mmoja tu, wa sasa unaoendelea: tai anaatamia, upepo unavuma. Haina wakati uliopita wala masharti. Haiwezi kusema "kama kisingekuwako kile kiwanda".

Jambo la pili lisiloonekana ni kubwa zaidi, nalo ni watu. Kisiwani Santa Rosa, mwaka 1959, iligunduliwa mifupa ya mtu aliyeishi yapata miaka 13,000 iliyopita, miongoni mwa mabaki ya kale kabisa ya binadamu katika Amerika ya Kaskazini. Visiwa vilikuwa makao ya Wachumash hata baada ya jahazi za Juan Rodríguez Cabrillo kupita mwaka 1542. Magonjwa na misheni za Wahispania ziliwapunguza, na kufikia miaka ya 1820 waliosalia walikuwa wamehamishiwa bara. Santa Cruz kwa lugha yao ni Limuw. Chombo chao, tomol, kilikuwa cha mbao zilizounganishwa kwa kamba na kuzibwa kwa lami iliyochanganywa na utomvu wa msonobari. Msomi wa pwani ya Afrika ya Mashariki atakumbuka mtepe, ambao pia haukujua msumari. Mwaka 2001 wazao wao walivuka tena hadi Limuw kwa tomol, kwa kupiga makasia. Basi picha ya kisiwa kitupu, ambayo watazamaji huisifu kwa kuwa "kama ilivyokuwa tangu mwanzo", ni picha ya mahali palipofanywa patupu. Utupu huo una tarehe.

Wachumash wenyewe wana masimulizi kuhusu kuvuka. Watu waliumbwa kisiwani na Hutash, mama wa ardhi. Walipokuwa wengi mno, akawatandikia upinde wa mvua kutoka kilele cha Limuw hadi bara, akawaonya wasitazame chini. Waliotazama chini wakapata kizunguzungu wakaanguka, na Hutash, asitake wazame, akawageuza pomboo. Ndiyo maana pomboo ni ndugu. Masimulizi haya hayakutungwa kwa ajili ya kamera, na si haki kuyalazimisha. Lakini katika masimulizi hayo kutazama ni tendo lenye gharama, humbadilisha mtazamaji akawa kitu kingine. Mtazamaji wa kamera hutazama chini kutwa nzima na hapati kizunguzungu. Na kisiwa cha Anacapa, kilichobeba kamera mbili kati ya tatu zilizochambuliwa hapa, jina lake limetokana na neno la Kichumash lenye maana ya mazigazi, kwa jinsi kinavyoonekana kubadili umbo katika ukungu na joto. Wavuvi waliokiita hivyo hawakuwa na tarakilishi, ila walijua kwamba kukiona kisiwa kwa mbali na kukijua ni mambo mawili.

Hapa Kiswahili kina msamiati ambao uhakiki haujautumia ipasavyo. "Kuona" ni kupatwa na kitu machoni, hata bila kukitaka. "Kutazama" ni kuyaelekeza macho kwa kusudi. "Kuangalia" kunaongeza uangalifu, hata huwa na maana ya kutunza: mtu huangalia mtoto, huangalia nyumba. "Kushuhudia" ni kuwapo, na aliyeshuhudia aweza kuitwa barazani akaulizwa. "Kuchungulia" ni kuona kupitia upenyo huku mchunguliaji mwenyewe haonekani. Matangazo ya kamera za mubashara hupenda kitenzi cha nne: njoo ushuhudie. Kwa vigezo vya lugha yenyewe kitenzi sahihi ni cha tano. Mtazamaji yuko nyuma ya upenyo, tai hamjui, na likitokea jambo haitwi barazani.

Au huitwa? Kuna tukio linalotatiza hoja hii, nalo si la Channel Islands. Mwaka 2014, katika jimbo la Minnesota, kamera ya kiota iliyoendeshwa na idara ya maliasili ya jimbo ilionyesha kinda wa tai aliyekuwa akidhoofika. Idara ilieleza kwamba desturi yake ni kuyaacha maumbile yafuate njia yake. Watazamaji wakapiga kelele kwa simu na barua hata idara ikabadili uamuzi, mtu akapanda mtini, na kinda akashushwa. Alikutwa na bawa lililovunjika na maambukizi, akauawa ili asiteseke. Kwa mhakiki tukio hili lina uzito, kwa kuwa linaonyesha hadhira ikikataa kubaki mchunguliaji. Hadhira ya ngano huitika "Pakawa!" na mtambaji huendelea kwa idhini yake, hadhira ya Minnesota ilitaka kuitika ikakosa wa kumwitikia, basi ikaandikia ofisi. Waliosema kwamba watu hao walikuwa na huruma ya kijinga walikosea kusoma fani. Mtu akionyeshwa kinda kwa wiki kadhaa pasipo neno moja la kumweleza anachokitazama ni cha aina gani, atakiweka mwenyewe katika utanzu anaoujua, na utanzu anaoujua zaidi ni hadithi ya mtoto mgonjwa.

Kuna watakaopinga kwamba msimulizi ndiye anayeharibu. Pingamizi hilo lina nguvu, wala halifai kupuuzwa. Filamu nyingi za wanyama zina sauti nzito inayompa simba tamaa za kifalme na kumfanya nyani kuwa mkwe mkorofi; ukimya wa kamera ni afadhali kuliko upuuzi huo. Tena kuna faida ya kumwacha mtu achoke. Filamu hukata saa tisa za bure na kubakiza dakika moja ya mawindo, ikamfundisha mtazamaji kwamba mnyama huwinda daima. Kamera ya kiota humfundisha kwamba mnyama, sehemu kubwa ya maisha yake, hukaa tu. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini kinachothibitishwa na pingamizi hilo ni kwamba kuna wasimulizi wabaya, jambo ambalo kila mhakiki analijua. Halithibitishi kwamba matini isiyo na msimulizi haina msimamo. Aliyechagua mti wa kufungia kamera, pembe ya kioo, na kwamba gati lisionekane, amekwisha kusimulia.

Suala hili linahusu pia idara za Kiswahili za Afrika ya Mashariki, na si kwa mbali. Viboko wa mto Ewaso Ng'iro huko Mpala, Laikipia, nao wamepata kurushwa kwa njia hii hii na kutazamwa na watu ambao hawatafika Kenya. Yaliyosemwa juu ya Limuw yaweza kuulizwa juu ya kila kidimbwi cha namna hiyo: nani hunywesha mifugo hapo saa ambazo kamera imeelekezwa kwingine, mahali paliitwaje, kwa nini mto hupungua. Majibu hayo hayatatoka katika kioo. Yatatoka katika maneno, na haijaamuliwa bado kwamba maneno hayo yatakuwa ya Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili tayari kina ufundi wa kutangaza mubashara, nao watataja kandanda ya redioni tangu siku za Sauti ya Kenya, ambapo mtangazaji aliwaonyesha mpira watu wasiouona. Ufundi huo ni mkubwa, ila ni wa mbio. Uliundwa kwa dakika 90 zenye tukio kila sekunde, na kwa hadhira isiyo na picha. Ukihamishiwa kwenye kiota, ambapo picha ipo na tukio halipo, utageuka kelele. Mfano ulio karibu zaidi unapatikana katika ngano. Mtambaji akitaka kupitisha muda mrefu usio na jambo, haupimi kwa siku wala haurukii; hurudia kitenzi kwa sauti inayoshuka: akakaa, akakaa, akakaa. Kila mrudio humwongezea msikilizaji uzito wa kungoja, naye hajadanganywa kwamba kitu kimetokea. Tai wa Santa Cruz angetambwa hivyo: akaatamia, akaatamia, akaatamia. Watoto waliozoea kusikiliza hunyamaza kwenye mrudio wa tatu, kwa kuwa wanajua kwamba kitenzi kinachofuata kitakuwa kingine, na hapo mtambaji ana nafasi ya kuanza kueleza yai la mwaka 1950 lilivunjwa na nini.